Shira kubwa kuliko Barranco

"Hii Shira kubwa kuliko Barranco ni nini?"

Hivyo ndivyo mzee alivyonipokea asubuhi ile. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi yake, hatua chache kutoka mnara wa saa hapa Moshi, simu mkono mmoja, kikombe cha kahawa mkono mwingine. Ilikuwa Mei. Masika yalikuwa hayajaisha, Kibo haikuonekana kwa siku ya nne, na wageni walikuwa wa kuhesabu. Hiyo ndiyo miezi ambayo makampuni ya kupandisha watu mlima Kilimanjaro hushona mahema, hupaka rangi ofisi na hukumbuka kwamba kumbe yana tovuti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Soma hapa."

Nikasoma:

    Shira > Barranco > Barafu" width="600">
    Siku ya kwanza tutaanzia geti la Machame...

"Mimi mlima huu nimeupanda miaka ishirini na kitu," akasema. "Barranco iko juu ya Shira. Mtu yeyote aliyelala kambi zote mbili anajua. Sasa nani ameandika kwamba Shira ni kubwa?"

Nilijua aliyeandika. Nilikuwa mimi, jana yake jioni, kwa mstari mmoja wa Python, lugha ya kuandikia programu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuhamisha. Tovuti ya mzee ni ya siku nyingi na imepita mikononi mwa watu wengi: ilianzishwa na mgeni mmoja aliyejitolea, akaandika HTML, lugha inayojenga kurasa za tovuti, kwa mkono, akaja mpwa wa mzee, akaja jamaa wa kutengeneza simu aliyesema na tovuti anaweza. Mmoja alipenda alama za kunukuu mbili mbili, mwingine moja moja, wa tatu hakuweka kabisa pale alipoona kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, hakilalamiki. Kurasa 312. Nilitakiwa kutoa maandishi matupu, bila tagi (zile alama za HTML zinazokiambia kivinjari hapa ni picha, hapa ni aya), niyapeleke kwenye mfumo mpya. Kwa hiyo nikaandika rejeksi hii:

    <[^>]+>

Ikamaliza kurasa zote kabla sijavuta pumzi. Nikapakia, nikafunga laptopu, nikaenda zangu kula mtori.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na rejeksi: ni lugha ndogo ya kueleza umbo la maandishi. Huiambii kompyuta itafute neno fulani. Unaiambia itafute kitu kinachoanza hivi, katikati kikawa vile, mwisho kikaishia hivi. Mstari wangu ulisema: anza na alama ya ndogo kuliko, meza alama moja au zaidi ambazo siyo kubwa kuliko, ukiikuta kubwa kuliko, funga. Mabano ya mraba yenye kofia mwanzoni maana yake "chochote isipokuwa". Jumlisha ni "moja au zaidi". Kila kilichokamatwa kifutwe. Tagi za HTML zinaanza na ndogo kuliko na kuishia na kubwa kuliko, basi nini tena?

Basi tazama tagi iliyonivunjia heshima kwa mzee:

    <img src="machame.jpg" alt="Machame > Shira > Barranco > Barafu" width="600">

Ni picha ya njia ya Machame. Ile alt ni maandishi yanayosimama badala ya picha, kwa simu isiyo na bando la kutosha au kwa mtu asiyeona anayesomewa ukurasa na programu. Aliyeandika alitumia kubwa kuliko kama mshale, kama wanavyofanya waongozaji wote hapa mjini wanapomwandikia mgeni ratiba kwenye WhatsApp. Sasa pitisha kidole kama rejeksi yangu ilivyopita. Imefungua kwenye `<img`. Imemeza src, imemeza alt, imemeza neno Machame, imefika kwenye mshale wa kwanza. Kubwa kuliko! Funga, futa. Kilichobaki nje ndicho alichokisoma mzee kwenye simu yake.

Na kinachokera ni kwamba aliyeandika tagi ile hakuvunja sheria yoyote. HTML inaruhusu kubwa kuliko ikae ndani ya thamani (kile kinachofuata alama ya sawasawa) iliyozungushiwa alama za kunukuu. Hata XML, ndugu yake ambayo ni kali kama mwalimu wa zamu, inakataza ndogo kuliko humo ndani lakini kubwa kuliko inaiacha ipite. Ndiyo, ni adabu njema kuandika `&gt;` badala yake, na mimi huandika hivyo. Lakini huwezi kusafisha nyumba ya mtu huku unamlaumu kwa namna alivyopanga viti.

Ofisini kwangu wakati huo kulikuwa na kijana wa fildi, mwanafunzi wa chuo, mwepesi wa kufikiri na mwepesi zaidi wa kujibu. Nilipomwonyesha tatizo hakuchukua hata dakika.

"Dada, si uweke tu ile ya alama ya kuuliza?"

Alimaanisha hii:

    <.*?>

Nukta ni alama yoyote, nyota ni "sifuri au zaidi", na ile alama ya kuuliza inaiambia nyota isiwe na uchu, ishike kidogo iwezekanavyo. (Hiyo nyota ina mwenyewe: Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, ambaye miaka ya 1950 alikuwa anachunguza mitandao ya neva inaweza kutambua nini. Mwaka 1968 Ken Thompson akachapisha namna ya kuitumia kutafuta maandishi kwa kompyuta. Rejeksi ni ya zamani kuliko tovuti zote duniani.) Nikamwambia ajaribu. Ikatoka Shira ile ile, kubwa kuliko Barranco ile ile. Kupunguza uchu hakusaidii kitu, kwa sababu kosa halikuwa kwenye kula sana. Kosa ni kusimama kwenye kubwa kuliko ya kwanza bila kuuliza ni ya nani. Tena hii ya kijana ilikuwa mbaya kuliko yangu, maana nukta kwa kawaida haivuki mwisho wa mstari, na yule mgeni aliyejitolea alipenda kuandika tagi moja kwa mistari mitatu.

Nilihangaika kumweleza kijana neno "ni ya nani" mpaka nikakumbuka kisa cha Hiace ya Kiboriloni.

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma ya dereva. Pembeni yangu mama mmoja, ndoo ya parachichi miguuni, anaongea na simu kwa sauti ya kusikika hadi Marangu. Anamsimulia mdogo wake alivyopitishwa kituo juzi. "Mimi nikamwambia, shusha! Shusha hapo kwa Mangi!" Konda akagonga bodi mara mbili. Dereva akakanyaga breki katikati ya barabara, parachichi zikatawanyika chini ya viti.

"Nani anashuka?"

Kimya.

"Mama, si umesema shusha?"

"We nawe! Namsimulia mdogo wangu, nashuka wapi hapa?"

Gari zima lilicheka, isipokuwa konda, ambaye aliokota parachichi huku akinung'unika. Na kwa kweli alikuwa na haki ya kunung'unika. Neno alilisikia. Lilikuwa neno lenyewe hasa, kwa sauti yenyewe. Ila lilikuwa ndani ya masimulizi, na kilicho ndani ya masimulizi hakisimamishi gari.

Kijana akaelewa kabla sijamaliza. Tunahitaji konda anayejua mama yuko kwenye simu.

Nikaandika hii, ambayo ni ya siku nyingi na wengi waliopita njia hii wameiandika kabla yangu:

    <("[^"]*"|'[^']*'|[^'">])*>

Inatisha kwa macho, isome polepole. Kile kimstari cha wima ni "au". Baada ya ndogo kuliko, kila hatua una njia tatu: meza kifurushi kizima kilichofungwa kwa alama mbili za kunukuu, na humo ndani chochote ruksa, au kifurushi kilichofungwa kwa alama moja moja, au alama moja tupu ambayo siyo ya kunukuu wala kubwa kuliko. Rudia upendavyo. Kubwa kuliko itakayokutana nawe ukiwa nje ya vifurushi, hiyo ndiyo ya kushukia. Ukiwa ndani ya kifurushi huioni, imemezwa pamoja na mengine.

Machame ikatoka safi. Nikampigia mzee, akafungua simu, akasema "haya," ambalo kwake ni neno la sifa.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini nina ugonjwa wa kuboresha. Nikatazama ile njia ya tatu, alama moja moja, nikaona ni uvivu kutembea hatua moja moja wakati unaweza kumeza rundo. Nikaongeza jumlisha moja:

    <("[^"]*"|'[^']*'|[^'">]+)*>

Nikaendesha upya. Ikaenda, ikaenda, ikasimama. Feni ya laptopu ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Nikadhani kompyuta imekwama, nikaiwasha upya. Ikasimama palepale, kwenye ukurasa wa vifaa vya kubeba. Nikaufungua ukurasa na kuutafuta mstari, na huu hapa:

    Usiku joto huwa < 0, beba soksi nzito na glavu mbili. Supu ya ng'ombe tutapika sisi.

Mtu ameandika "chini ya sifuri" kwa alama ya hesabu. Rejeksi yangu ikaiona ndogo kuliko, ikadhani tagi imefunguka, ikaanza kumeza. Ikameza alama 47 bila shida mpaka ikafika kwenye ritifaa ya ng'ombe. Ritifaa na alama moja ya kunukuu kwenye kibodi ni kitu kimoja, kwa hiyo ikasema aha, kifurushi kinafunguka, ikaenda kutafuta kinapofungwa. Katika ukurasa ule hiyo ndiyo ilikuwa ritifaa ya mwisho. Hakuna pa kufungia.

Hapo mtu angesema basi, siyo tagi, tuendelee. Injini ya rejeksi ya Python haiko hivyo. Yenyewe ikishindwa hurudi nyuma kujaribu kama kuna namna nyingine ya kufika. Na mimi kwa jumlisha yangu nilikuwa nimeipa namna nyingi. Zile alama 47 inaweza kuzimeza kama rundo moja. Au rundo la 46 na lingine la 1. Au 45 na 2. Au 45, 1 na 1. Kati ya kila alama mbili kuna swali: nikate hapa au nisikate? Maswali 46, kila moja na majibu mawili, ni namna zaidi ya trilioni 70 za kukata mkungu uleule wa ndizi, na zote zinaishia mbele ya ritifaa ileile. Ilikuwa tayari kuzijaribu zote kwa uaminifu kabla ya kuniambia hapana.

Hilo jambo limeshawaangusha wakubwa. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi duniani hupitia kwake, iliweka kanuni mpya yenye rejeksi ya namna hii ya kurudi nyuma bila mwisho. Vichakato vya seva zao vikajaa, na kwa karibu nusu saa watu duniani wakawa wanaona ukurasa wa kosa. Walieleza wenyewe hadharani, tena kwa kina. Zipo injini zinazokataa kabisa kurudi nyuma, kwa mfano RE2 ya Google, ambayo inafuata njia ile ya Thompson ya kubeba uwezekano wote kwa pamoja. Mimi nilifuata dawa ya bei nafuu, nikafuta jumlisha. Bila jumlisha, alama 47 zinamezwa kwa namna moja tu, na "hapana" inarudi papo hapo.

Somo dogo nililobaki nalo kutoka kwenye zile soksi ni kwamba ndogo kuliko nayo ina masharti. Kivinjari hakihesabu tagi imefunguka mpaka baada ya ndogo kuliko kufuate herufi, au mkwaju (/), au alama ya mshangao, au ya kuuliza. Ikifuata nafasi au tarakimu ni maandishi ya kawaida. Hilo nikaliweka akiba.

Halafu ikaja Ng'iresi.

Kampuni ya mzee haipandishi watu mlima tu. Ina ziara za vijijini upande wa Arusha, na mojawapo ni Ng'iresi, kijiji cha miteremko ya Meru, nyingine ni Mang'ola kule kwenye vitunguu, karibu na ziwa Eyasi. Kijana wa fildi ndiye aliyegundua. "Dada, ukurasa wa ziara umekonda." Kweli, picha ya kwanza ilifuatwa moja kwa moja na bei. Aya mbili nzima zinazosema bei hiyo inalipia nini zilikuwa zimeyeyuka. Safari hii hakuna kilichomwagika. Kuna kilicholiwa, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu kilichomwagika mzee atakiona na kukupigia simu, kilicholiwa hakipigi simu.

Mhalifu:

    <img src="soko.jpg" alt='Soko la ng'ombe'>

Kwa wanaoandika Kiingereza ritifaa ni kitu cha hapa na pale. Sisi bila ritifaa hatuna ng'ombe, hatung'oi jino, nyota hazing'ai. Halafu aliyetengeneza ukurasa huu alikuwa yule mpenzi wa alama moja moja. Hesabu alama ndani ya tagi hiyo: moja inafungua kabla ya Soko, ya pili ni ritifaa ya ng'ombe, ya tatu ilikusudiwa kufunga. Tatu. Kwa rejeksi yangu, ya kwanza na ya pili ni kifurushi: 'Soko la ng'. Kisha herufi o, m, b, e. Kisha ya tatu inafungua kifurushi kipya, na kifurushi hicho kikaimeza kubwa kuliko ya tagi, kikaimeza aya ya kwanza, kikaingia ya pili, mpaka kilipokutana na ritifaa ya neno Ng'iresi na kufungwa hapo. Kisha ikaendelea kumeza "iresi" na maneno yaliyofuata hadi kubwa kuliko ya tagi ya kufunga aya. Kwa mtazamo wake ilikuwa tagi moja, ndefu kidogo.

Nikafungua ukurasa ule wa zamani kwenye kivinjari nikitegemea uharibifu uleule. Hapana. Picha ipo, aya zote mbili zipo, hakuna herufi iliyopotea. Tagi imekosewa, alama ni tatu, na kivinjari hakikujali!

Hili lilinikalisha ofisini hadi usiku, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kwenda rudi nikaishia kusoma kanuni za HTML zenyewe. Zinaeleza usomaji wa tagi kama mtu anayehama kutoka hali moja kwenda nyingine, herufi kwa herufi: yuko kwenye jina la tagi, yuko kabla ya jina la atributi (kama src au alt), yuko kwenye jina lenyewe, yuko kabla ya thamani, yuko ndani ya thamani ya alama mbili za kunukuu, na kadhalika, hali takriban 80 ukijumlisha zote. Na alama ya kunukuu ina uwezo wa kufungua kifurushi katika hali moja tu: kabla ya thamani. Yaani mara baada ya alama ya sawasawa, hata kama kuna nafasi katikati. Kwingine kokote ndani ya tagi ni takataka ya kawaida, inahesabiwa kosa dogo na inachukuliwa kama herufi nyingine.

Rudi kwenye soko. Sawasawa, ikifuatwa na alama moja: fungua. Soma "Soko la ng", kutana na alama ya pili: funga. Kinachofuata, ombe', hakina sawasawa mbele yake, kwa hiyo kivinjari kinakichukulia kama jina la atributi ya ajabu, ritifaa ikiwa herufi ya mwisho ya jina hilo. Kisha kubwa kuliko, na tagi imekwisha. Atributi iitwayo ombe' haina kazi yoyote duniani na haimdhuru mtu.

Konda wangu alikuwa anajua mama anaongea na simu. Hakujua kwamba simu haianzi kuongea mpaka ipigwe. Sawasawa ndiyo namba inayopigwa. Nikaandika tena:

    </?[A-Za-z](?>=\s*"[^"]*"|=\s*'[^']*'|[^>])*>

Mwanzoni ndogo kuliko, mkwaju ukiwepo sawa usipokuwepo sawa, kisha lazima herufi; zile nyuzi joto chini ya sifuri hazihusiki tena. Kisha njia tatu kama zamani, ila vifurushi sasa vinaanza na sawasawa (`\s*` ni nafasi, ziwepo au zisiwepo), na njia ya tatu imelegezwa: chochote isipokuwa kubwa kuliko, hata ritifaa. Mpangilio una maana, maana injini inajaribu kushoto kwanza. Ikikutana na sawasawa itajaribu kifurushi kabla ya kukubali kuichukua kama alama tupu.

Ile `(?>` ni ya kuzuia yale ya trilioni 70 yasirudi. Kwa kuilegeza njia ya tatu nimeruhusu kila kifurushi kimezwe kwa namna mbili, kizima au alama moja moja, na faili lililokatika katikati ya tagi lenye atributi nyingi lingeweza kuamsha ugonjwa uleule. Kundi la aina hii likishachagua njia halirudi nyuma kulifikiria upya. Python imelipata kuanzia toleo la 3.11, kama yako ni ya nyuma ya hapo, usiandike rejeksi hii bila kujua unachotembea nacho.

Nikaendesha. Machame safi, soksi safi, Ng'iresi ikanenepa. Zile thamani zilizonakiliwa kutoka WhatsApp na alama za kunukuu zilizopinda, ambazo nilikuwa naziogopa, zikapita vizuri pia: kwa kivinjari alama zilizopinda siyo alama za kunukuu kabisa, ni herufi kama herufi, na kwa rejeksi yangu vivyo hivyo. Kabla ya hapo, bila shaka, nilishaondoa maelezo ya kati ya `<!--` na `-->` pamoja na kila kilichokuwa ndani ya script na style, tagi za programu na mapambo ya ukurasa, kwa sababu humo mna ndogo kuliko na kubwa kuliko za hesabu ambazo hakuna konda wa kuzimudu.

Najua kuna watu wameshaanza kutikisa kichwa. Wataniambia HTML haisomwi kwa rejeksi, mwiko, kwisha. Mwiko huo una sehemu ya kweli. Ukitaka kujua div ipi (div ni tagi ya kisanduku cha ukurasa) iko ndani ya div ipi, na hiyo ndani ya ipi, bila kikomo cha kina, unahitaji kukumbuka umeshafungua ngapi, na rejeksi ya Kleene haina kumbukumbu ya kuhesabu hivyo. Hakuna ujanja wa alama utakaoipa. Lakini swali la "tagi hii moja inaanzia wapi na kuishia wapi" halina kina chochote. Hamna tagi ndani ya tagi. Ni hali chache zinazofuatana, na kufuata hali ndiyo kazi ambayo rejeksi ilizaliwa kuifanya. Wanaotoa mwiko bila kutofautisha maswali haya mawili hunichosha sawasawa na wanaobandika `<[^>]+>` kila mahali. Juzi nilikuwa mmoja wao.

Hata hivyo sikuiamini. Python inakuja na kichanganuzi chake, yaani programu ya kusoma HTML tagi kwa tagi, kiitwacho html.parser, huhitaji hata kukipakua, na ukiniuliza leo uanze na kipi nitakuambia anza na hicho. Nikakiagiza kisome kurasa zote 312 na kutoa maandishi yake, kisha nikalinganisha na ya rejeksi, ukurasa kwa ukurasa. Tofauti zilizobaki zilikuwa chache, karibu zote za nafasi na mistari mitupu. Nikazipitia na kijana huku tunakunywa chai.

Ukurasa wa njia ya Marangu haukuwa na tofauti yoyote. Niliufungua kwa bahati tu, nikashangaa. Chini ya picha, kwenye maandishi niliyotoa mimi na kwenye yale ya kichanganuzi, palikuwa na maneno haya:

    Uhuru Peak'>

Na tagi yenyewe:

    <img src='kibo.jpg' alt='Kibo Hut > Gilman's Point > Uhuru Peak'>

Mishale yote na ritifaa pamoja, kwenye alama moja moja. Fungua baada ya sawasawa, soma mpaka Gilman, funga. Kisha atributi iitwayo s, atributi iitwayo Point, kisha kubwa kuliko, ambayo sasa haina wa kuilinda. Tagi imekwisha kihalali kabisa, na Uhuru Peak, mita 5,895, imebaki nje. Nikafungua ukurasa wa zamani kwenye kivinjari. Nako kulikuwa hivyo hivyo. Rejeksi, kichanganuzi na kivinjari wote walikubaliana.

Nikatoka na laptopu hadi kwa mzee. Alikuwa anahesabu vijiti vya mahema.

"Mzee, hapa chini ya picha ya Kibo pameandikwa Uhuru Peak halafu vialama. Vimeanza lini?"

Akavaa miwani, akainama.

"Hivyo? Mbona vipo siku zote. Mimi nilidhani ndilo jina la picha."